Kukagua matairi ya lori na trela kabla ya safari: weka nyundo chini, shika geji

Kuna mazoea niliyoyakuta tangu siku ya kwanza nilipoanza kazi ya matairi. Dereva au utingo anazunguka gari na nyundo au kipande cha nondo, anagonga kila tairi mara moja, akisikia mlio aliouzoea anapanda kabini. Na mimi nilikagua hivyo kwa miaka. Asubuhi moja niligonga matairi yote ya trela, yakalia vizuri, nikaliruhusu gari liondoke. Haikupita muda mrefu tairi la ndani la ekseli ya pili likapasuka, likang'oa madigadi na kukata mpira wa upepo wa breki. Tulipolivua kwenye rimu tulikuta ubavu umesagika kwa ndani na unga mweusi wa mpira umejaa tumboni. Tairi lile lilikuwa limetembea na upepo mdogo kwa siku nyingi, na nyundo yangu ililipitisha kila asubuhi.

Nyundo itakuambia tairi limelala kabisa. Haiwezi kukuambia kama lina psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 105 au 75, na matairi mengi ya magari ya biashara hufia kwenye tofauti hiyo. Ndiyo maana hatua za hapa chini zimejengwa juu ya geji.

Vifaa

Geji ya upepo ya magari makubwa, yenye shingo ndefu na kichwa cha pande mbili ili ifikie valvu ya tairi la ndani. Kipimo cha kina cha meno. Tochi yenye mwanga mkali, glavu, chaki, bisibisi butu ya kutolea mawe, chupa ya maji ya sabuni, daftari na kalamu. Geji ikianguka sakafuni usiiamini tena mpaka uilinganishe na nyingine unayojua iko sawa.

Hatua ya 1: Egesha na usubiri

Simamisha gari mahali tambarare, funga breki ya maegesho, zima injini, weka kabari kwenye magurudumu. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, yaani gari limesimama angalau saa 3. Alfajiri kabla ya kuondoka ndio wakati mzuri kuliko wote.

Hatua ya 2: Pima upepo, tairi moja baada ya jingine

Kwanza ujue unatafuta namba gani. Psi iliyoandikwa ubavuni ni ya mzigo wa juu kabisa wa tairi hilo. Upepo wa gari lako unatokana na uzito unaobebwa na kila ekseli, nawe utaupata kwenye kibao cha gari au kwenye jedwali la mtengenezaji wa tairi.

Chukua tairi la 315/80R22.5 lenye alama 156/150L. Upana wake ni milimita 315, kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana huo, R ni radiali (mpangilio wa waya za ndani), rimu ni ya inchi 22.5. Namba 156 maana yake tairi likifungwa peke yake linabeba kilo 4,000. Namba 150 maana yake likifungwa pacha, yaani mawili ubavu kwa ubavu, kila moja linabeba kilo 3,350. Herufi L ni mwendo usiozidi kilomita 120 kwa saa. Uwezo huo wote upo tu pale upepo unapokuwa sahihi, kwa sababu mzigo unabebwa na upepo uliomo ndani na kazi ya mpira na waya ni kuuzuia usitoke.

Fungua kofia ya valvu, bana geji, soma, andika. Usiandike "sawa". Andika namba.

Kisha linganisha. Tairi zima hupoteza psi 1 hadi 2 kwa mwezi bila kasoro yoyote, na hewa ya nje ikipoa kwa nyuzi 10 tairi la psi 110 litashuka kwa psi 4 hivi. Tofauti ndogo za namna hiyo jazia tu. Ila tairi moja likishuka peke yake huku wenzake wametulia, hilo lina tundu. Paka maji ya sabuni kwenye valvu, kwenye meno na pale mpira unapokutana na rimu, utayaona mapovu.

Mara nyingi kosa hufanyika kwa nia njema. Gari limetoka barabarani, tairi lina moto, geji inasoma psi 125 badala ya 110, na dereva anapunguza upepo "lisije likapasuka". Tairi likipoa litakuwa chini ya kiwango, na safari inayofuata litachemka zaidi kuliko ile ya kwanza. Upepo wa tairi la moto usiupunguze kamwe. Kupanda kwa psi 10 hadi 20 likiwa kazini ni jambo ambalo aliyelitengeneza alishalipigia hesabu.

Sasa jambo ninaloomba ulisome polepole. Tairi likiwa limetembea na upepo chini ya asilimia 80 ya kiwango chake, lihesabu kama tairi lililotembea limelala. Kwa kiwango cha psi 110, mpaka huo ni psi 88. Usilijaze upepo likiwa garini ukaondoka. Lishushe, livue kwenye rimu, likaguliwe ndani na mtu anayejua kazi. Sababu yake iko ubavuni. Tairi la radiali la lori lina waya wa chuma uliopangwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Upepo ukipungua, waya hizo hukunjwa na kunyooshwa kila gurudumu linapozunguka, kama unavyokunja waya mara nyingi ili ukatike. Zinakatika moja moja, kwa nje huoni kitu. Siku unapolijaza upepo, waya zilizobaki zinashindwa kwa pamoja na ubavu unachanika kwa mstari mmoja mithili ya zipu. Nguvu inayotoka pale inaua mtu aliyesimama mbele yake.

Kwa hiyo tairi lolote unalolitilia shaka lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wenye kichwa kinachojibana chenyewe kwenye valvu, nawe ukiwa umesimama mbali, nje ya mstari wa ubavu. Ukisikia mlio wa kutatarika au ukiona ubavu una mawimbi, usilisogelee. Toa upepo ukiwa huko huko mbali. Mwenye haraka ataona ni usumbufu, lakini hapo sikubaliani na mtu yeyote.

Hatua ya 3: Tairi la ndani

Pacha za nyuma huleta matatizo mengi kuliko sehemu nyingine zote za gari kwa sababu moja nyepesi: la ndani halionekani na valvu yake haifikiki kirahisi. Likipungua upepo, la nje linalibebea na gari linasimama wima kana kwamba hakuna kitu.

Rudi kwenye hesabu yetu. Upande mmoja wa ekseli una pacha zinazobeba kilo 6,700 kwa pamoja. La ndani likilala, mzigo wote huo unahamia kwa mwenzake ambaye hata akiwa peke yake mwisho wake ni kilo 4,000. Hapo unapoteza matairi mawili kwa kosa la moja. Na lile lililolala linaendelea kusagika dhidi ya mwenzake mpaka linapata moto wa kuweza kuwaka.

Kama valvu ya ndani haifikiki, funga valvu ya kurefusha na uibane isicheze. Ikigongana na rimu italegea na kuvuja. Mulika tochi katikati ya pacha, toa jiwe lililobanwa. Jiwe la ukubwa wa ngumi linakula bavu zote mbili kwa wakati mmoja. Hakikisha bavu hazigusani zinapobeba mzigo.

Kisha linganisha vimo. Pacha zimefungwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) moja, lazima zizunguke sawa. Ukiweka tairi jipya pembeni ya lililochakaa, refu hubeba mzigo mkubwa na fupi huburutwa, likiisha kabla ya wakati wake. Mimi siruhusu tofauti ya kipenyo izidi milimita 6, ambayo ni sawa na tofauti ya milimita 3 ya kina cha meno. Usichanganye radiali na tairi la nyuzi za mshazari kwenye ekseli moja.

Hatua ya 4: Meno, kwa kipimo na kwa kiganja

Pima kina kwenye mifereji mikuu, ndani, katikati na nje, halafu rudia sehemu nyingine ya mzunguko. Usiweke ncha ya kipimo juu ya kile kinundu cha alama ya mwisho kilichomo ndani ya mfereji. Kiwango cha kisheria hutofautiana kati ya nchi na nchi: Marekani inadai milimita 3.2 kwa matairi ya mbele ya malori na mabasi na milimita 1.6 kwa mengine, wakati Uingereza inakubali milimita 1 kwa magari yanayozidi kilo 3,500. Fuata sheria ya nchi unayopita, ila mimi tairi la mbele nalitoa likifika milimita 4, kwa sababu mvua kubwa haisubiri sheria.

Kisha vua glavu, angalia kwanza kama kuna waya uliochomoza, halafu pitisha kiganja juu ya meno, kuelekea ndani na kurudi nje. Ukihisi laini upande mmoja na makali upande wa pili, alaimenti imekwenda, magurudumu yanaburutwa kwa mshazari. Likiisha bega moja tu, tazama mlalo wa gurudumu, kingipini (pini linalogeukia gurudumu la mbele) na beringi. Mabega yote mawili yakiisha huku katikati kumebaki, upepo ulikuwa mdogo. Katikati kukiisha peke yake, ulizidi. Mashimo mashimo kama vikombe kuzunguka tairi ni dalili ya shokomzoba iliyokufa, beringi iliyolegea au gurudumu lisilo na balansi. Kipara kimoja sehemu moja tu ni breki iliyokamata.

Ukibadilisha tairi bila kutengeneza chanzo, jipya litaliwa vilevile.

Hatua ya 5: Ubavu na umri

Mulika ubavu wote, wa nje na wa ndani. Uvimbe wowote, mkato unaoonyesha waya, au meno yanayoanza kubanduka: tairi linatoka leo hii. Nyufa ndogo za juu juu zifuatilie. Zikiwa za kina, litoe. Futa oili na grisi, zinalainisha mpira, kisha tafuta zinakovuja, mara nyingi ni sili ya habu.

Umri uko kwenye namba nne za mwisho za mstari unaoanza na DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi namba hizo ziko ubavu mmoja tu, hivyo usiposoma kitu upande wa nje pita chini ya gari. Tairi la spea lisome pia. Linaweza kuwa na meno mapya na mpira mzee. Uingereza ilipiga marufuku, kuanzia Februari 2021, matairi yenye zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli za mbele za malori na mabasi.

Pancha iliyo kwenye meno inazibika, mradi tairi livuliwe, likaguliwe ndani, tundu lijazwe na kiraka kiwekwe kwa ndani. Kamba inayochomekwa kutoka nje ni ya kukufikisha kwa fundi tu. Tundu la ubavuni usikubali lizibwe kwa njia hiyo hata ukibembelezwa.

Hatua ya 6: Rimu, nati, valvu

Michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati inasema nati imelegea au rimu inacheza. Ufa kati ya matundu ya stadi (bolti za gurudumu), au tundu lililokuwa duara likawa yai, hakuna kulichomelea: badilisha rimu. Kila valvu iwe na kofia ya chuma yenye mpira ndani. Kofia hiyo ndiyo kizuizi cha pili cha upepo, na huzuia mchanga.

Ukifungua rimu za vipande zenye pete, toa upepo wote wa tairi la ndani na la nje kabla hujagusa nati. Toa sindano ya valvu kabisa, chomeka waya mwembamba kuhakikisha njia haijaziba. Pete ikiruka haikwepeki.

Unapofunga, safisha kutu na rangi nene kwenye nyuso zinazokutana, kaza nati kwa mtindo wa kuvuka upande wa pili, na malizia kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kipimo kipo kwenye kitabu cha gari; kwa stadi nyingi za milimita 22 utakikuta karibu na Nm 600 hadi 680. Bunduki ya upepo inazidisha au inapunguza bila wewe kujua. Gari likishatembea kilomita 80 hadi 160, simama, kaza tena kwa torki.

Hatua ya 7: Njiani

Kila ukisimama, zunguka na upeleke mgongo wa mkono karibu na kila tairi na habu, bila kugusa kwanza. Tafuta lile lililo tofauti na wenzake. Tairi lenye moto peke yake limepungukiwa upepo. Habu yenye moto ni breki inayoburuta au beringi inayokufa. Ukilipata usilimwagie maji wala usilijaze upepo. Liache lipoe, kisha lipime.

Jioni, andika tena kwenye daftari, safu moja kwa kila tairi. Kwenye safu ya tairi la ndani, upande wa kushoto, ekseli ya pili, ukikuta 110, 109, 104, 98, msumari upo. Utautoa gari likiwa limeegeshwa.