Ukitaka kupanda Skellig Michael, anza na viatu na tumbo

Mimi ni mtoto wa Tanga. Pemba nimevuka tangu utotoni, nikadhani bahari na mimi tumeshajuana. Atlantiki ya Kerry, kusini-magharibi mwa Ireland, ikanionyesha kuwa bado. Mara ya kwanza nilikata tiketi ya boti ya kwenda kisiwa cha Skellig Michael, nikaendesha gari kama saa tatu kutoka mji wa Cork ninakoishi, nikalala Portmagee, kijiji zinakotokea boti. Asubuhi, chai haijapoa, simu ikaita: bahari imechafuka, boti hazitoki. Nikarudi Cork na mikate yangu ya njiani.

Kwa hiyo usiende na siku moja mkononi. Tenga mbili au tatu, na ukipata nafasi kata tiketi ya siku ya mwanzo ili ubaki na akiba. Skellig Michael ni jabali la mita 218 lililosimama peke yake kama kilomita 12 kutoka bara. Ufukwe hakuna. Kuna gati dogo lenye ngazi; boti inapanda na kushuka na wimbi, na wewe unavuka pale tu unapoambiwa vuka. Unaweza kuona bandari imetulia kama maji ya beseni, kumbe kule hapashukiki. Nahodha akisema leo hapana, usimbishie. Muulize tu mapema habari ya kurudishiwa fedha.

Msimu wa kushuka kisiwani huanza katikati ya Mei na kuisha mwishoni mwa Septemba. Watu wanaoruhusiwa ni 180 tu kwa siku, na boti zenye kibali ni chache, za abiria 12 kila moja. Tiketi inazidi euro 100 na huisha upesi, hivyo anza kuitafuta mwanzoni mwa mwaka. Soma vizuri unachonunua, maana kuna safari ya kushuka kisiwani na safari ya kukizunguka tu kwa boti. Rafiki yangu alinunua ya kuzunguka bila kujua, akaishia kupiga picha za ngazi kutoka majini, kanuna mpaka Portmagee. Na kama unatoka Tanzania au Kenya, utahitaji viza ya Ireland yenyewe. Ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, haikuingizi.

Usiku wa kabla ya safari, kula chakula chepesi. Kama huelewani na mawimbi, meza dawa kabla ya kupanda, si baada ya moyo kuanza kuchafuka. Mimi nilitafuna tangawizi mbichi kama bibi alivyotufundisha, nikakaa nyuma ya boti na macho kwenye upeo. Aliyekaa mbele yangu alikula soseji na mayai asubuhi ile, na sote tuliyaona tena. Na choo, ndugu zangu: malizana nacho bandarini. Kule juu hakuna choo, hakuna maji, hakuna banda la wageni la kujikinga na mvua.

Viatu viwe vya kupandia mlima, soli yenye meno. Vipandio vinahesabiwa 618, vya mawe yaliyopangwa na wamonaki wenyewe, watawa wa Kikristo walioishi huko zamani, havilingani, na sehemu kubwa havina pa kushika. Mwaka 2009 wageni wawili walianguka wakafa, kwa nyakati tofauti. Ndiyo maana waongozaji hukupa maelezo ya usalama kabla hujainua mguu, wasikilize. Kupanda kulinichosha tu. Kushuka ndiko kulikonitia hofu, kwa sababu bahari unaiona katikati ya miguu yako. Nilisema bismillahi, nikageuka ubavu, nikashuka kipandio kimoja kimoja, pengine kwa makalio. Hakuna aliyenicheka, nusu yao walishuka hivyo hivyo. Kamera iwe begani, mikono iwe mitupu.

Unapewa kama saa mbili na nusu kisiwani. Usizimalize zote kwa pafini, wale ndege wadogo wenye midomo ya rangi, ingawa watakujia karibu na miguu. Wapo hadi mwanzoni mwa Agosti. Ukienda Septemba hutawakuta. Panda moja kwa moja hadi monasteri, yaani makao ya wale wamonaki, kisha hao waone wakati wa kurudi.

Huko juu kuna vibanda sita vya mawe vyenye umbo la mzinga wa nyuki. Wamonaki walifika kati ya karne ya 6 na ya 8, na Waviking, wavamizi wa baharini kutoka kaskazini mwa Ulaya, hawakuwaacha: mwaka 824 walimchukua mmoja wao, Etgal, akafa kwa njaa. Kwetu nyumba ya mawe hushikwa na chokaa. Hapa hakuna chokaa wala udongo. Kila duara la mawe limesogezwa ndani kidogo kuliko la chini yake, mpaka yakafungana juu. Inama uingie kimoja. Nje ni mviringo, ndani ni pembe nne. Nilitia kiganja ukutani, mvua ikinyesha nje, na jiwe lilikuwa kavu. Upepo uliokuwa unanivua kilemba mlangoni sikuusikia tena. Nilikaa humo hadi mwongozaji aliponiita kwa mara ya pili, kwa sababu boti haisubiri.

Siku ya pili usiweke miadi ya kupanda ngazi. Kazini kwangu lifti ilikuwa mbovu.