Pima diski ya breki kwa sarafu mbili

Kabla ya kununua pedi za breki za pikapu, pima kwanza unene wa diski, na uupime kwa sarafu mbili zinazofanana. Diski iliyotumika hubaki na ukingo mnene pembeni ambao pedi haiugusi. Venia (kifaa cha kupimia unene kwa kubana) ikibana hapo, unasoma unene wa zamani na kudhani diski bado nzima. Weka sarafu moja kila upande, pale pedi inaposugua, bana venia juu yake, kisha toa unene wa sarafu zote mbili. Linganisha na namba iliyopigwa kwenye diski yenyewe, kwenye maandishi MIN TH, yaani unene wa chini unaoruhusiwa. Ikikaribia namba hiyo, nunua diski mpya kwa magurudumu yote mawili ya mbele, pamoja na pedi mpya. Usikubali diski hiyo ichongwe kwa mashine ili itumike tena: diski nyembamba hupata moto haraka, na kwenye mteremko mrefu ukiwa na mzigo breki hulegea. Kipimo hiki hakionyeshi nyufa wala diski iliyopinda, kwa hiyo usukani ukitetemeka unapokanyaga breki, ikaguliwe hata kama unene unatosha. Na kama diski ina mifereji ya kina, sarafu hukaa juu ya matuta na kipimo kinadanganya. Hapo tumia maikromita yenye ncha, kipimo cha unene ambacho ncha zake huingia ndani ya mifereji.