Batima ya 30 Juin na mize ya jirani: namna ya kuzitembelea bila haraka

Wageni wengi wakifika Lubumbashi wanafanyaka hivi: wanashuka teksi mbele ya Batima ya 30 Juin, lile jengo lililokuwa tiatri ya mji, picha tatu, selfi moja, halafu wanapanda tena kwenda kutafuta bukari (ugali). Hapo umeona ukuta tu. Mimi nasema anza na mize, yaani makumbusho, iko jirani, batima utaiona ukitoka, haihami.

Kwenye teksi usihangaike na jina la avenue, sema tu "Trente Juin", shofa anajua. Patana bei kabla hujapanda. Beba franga za noti ndogo ndogo, na kama unategemea dolari hakikisha ni safi, juu dolari iliyopasuka hata kidogo pale pembeni hakuna mtu anaitaka hapa kwetu. Saa na bei ya kuingia usiniulize mimi wala usiamini ya mwaka jana, kama unalala mjini pita siku moja mbele ukaulize mlangoni, ni dakika tano. Enda asubuhi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua inapendaka kushuka mchana na haibembelezi, mimi ilishanikuta nje pale bila mwavuli na viatu vya kanisa, hiyo story niiache.

Ukiingia usianze kutembea peke yako kama uko sokoni. Salimu kwanza, "jambo papa, jambo mama", halafu uliza kama kuna mtu wa kuwatembeza. Vitu vingine maandishi yake ni mafupi sana na ni ya Kifaransa, bila mtu wa kueleza utapita mbele ya sanamu za Waluba na Wahemba, makabila ya huku kwetu, na kusema tu "ah, mbao". Mwishoni mpe kitu kidogo, ni heshima.

Sasa fasi ya kukawia. Mize hii ilianza 1946, wakati mji bado unaitwa Élisabethville, na watu wanakimbilia sanamu na masks, sawa, lakini mimi nakuambia tafuta vyungu vya Sanga na misalaba ya shaba. Sanga ni kule kwenye maziwa ya Upemba, wachimbaji wa mambo ya kale walianza kufukua makaburi pale miaka ya 1950 wakakuta wafu wamezikwa na vyungu vizuri vizuri na vitu vya shaba, vingine vina miaka karibu elfu moja. Halafu misalaba. Inama, uitazame kwa ubavu, usiitazame kwa juu tu: uso mmoja uko na mikwaruzo na vipele, kwa sababu shaba ilimiminwa ikiwa moto ndani ya fomu (kalibu) iliyo wazi, ikajipoa yenyewe. Mtoto wa dada yangu nilimpeleka, akaitazama weee, akasema "mjomba, hii si kle ya pine?", ile spana ya kufungulia gurudumu. Nilicheka lakini kweli inafanana. Nikamwambia hiyo ilikuwa feza, pesa ya kununulia vitu. Muombe anayewatembeza awaonyeshe ya zamani, ile mikubwa, na ile midogo iliyokuja nyuma: kadiri ilivyogeuka kuwa feza ya kweli ya kununua ndivyo ilivyopungua ukubwa na kuanza kulingana yote, watu wa sokoni hawataki kubeba kilo za bure. Na ukikutana na sarafu ya 1961 mahali, ya wakati Katanga ilijitenga kuwa nchi, igeuze, msalaba uko pale pale, hata bendera ya wakati ule ilikuwa nayo mitatu.

Ukitoka, ndio sasa simama mbele ya batima. Ilijengwa kati ya 1953 na 1956 kama tiatri ya mji, na Claude Strebelle na wenzake wa kundi la Yenga, wasanifu majengo, Wabelgiji hao, lakini jina sikia: yenga, kama siye tunavyosema "kuyenga nyumba", yaani kujenga. Jengo la mize nalo ni mkono wao, ndiyo maana ukisimama katikati unaona mambo mawili yanaongea lugha moja. Ila usitegemee kununua tikiti ya tiatri hapo, miaka mingi sasa ni wabunge wa jimbo ndio wanakaa ndani. Kwa hiyo picha: uliza askari kwanza. Usiinue simu kimya kimya ukidhani hakuna anayekuona. Wakikataa, kubali, sogea ng'ambo ya barabara, tumia macho. Kama umekuja Septemba au Oktoba mijakaranda imetoa maua, njia zote za ville ni zambarau, utapata picha zako kule bila kubishana na mtu.

Na kama ulitaka tiatri yenyewe, watu kwenye jukwaa, muziki, panda uende Halle de l'Étoile, kwa Institut français, soma afishi pale nje. Mwaka wa Biennale, maonyesho makubwa ya sanaa ya kila miaka miwili, ni jambo lingine tena, tangu 2008 kituo cha sanaa kinachoitwa Picha ndicho kinaiandaa na wasanii wameshaingiza kazi zao hadi ndani ya mize, basi uliza mapema kama siku zako zinaangukia hapo, juu ukikuta video za leo zimewekwa karibu na vitu vya mababu utahitaji saa mbili zaidi, na njaa itakuwa imeshakushika, kwa hiyo kula kwanza.