Fuata saa ya maji, si saa ya ukutani
Ukitaka kuwaona ndege wa ufukweni kwa karibu, fika kwenye matope zikiwa zimebaki saa mbili au tatu maji yajae kabisa, keti ukilipa jua kisogo, tulia. Maji yakipwa, ndege hutawanyika mbali wakitafuta minyoo na kaa. Yakijaa, yanawasogeza yenyewe hadi ulipo. Hapo utaona mdomo ukizama topeni mpaka usoni, kisha mnyoo ukivutwa taratibu usikatike. Raha tupu! Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, wahi zaidi, maana tope hufunikwa upesi na kundi lote huruka kwenda kupumzika kwingine. Maji mafu, yaani yanayojaa kidogo tu, huenda yasiwasogeze vya kutosha. Wakiinua vichwa wote kwa pamoja, umekaribia mno: rudi nyuma polepole.