Mtandao unakatakata? Pima kwa ping na mtr ujue tatizo liko wapi

Watu wengi mtandao ukisumbua wanakimbilia spidi testi, inasoma 20 Mbps wanaridhika, dakika mbili mbele simu ya Zoom inaganda tena. Spidi testi inakuonyesha bomba ni nene kiasi gani kwa ile nusu dakika tu, haikuonyeshi kama maji yanakatika kila baada ya dakika tatu. Kinachoua simu na gemu ni paketi (vipande vidogo vya data) zinazopotea njiani au zinazochelewa ovyo ovyo, na hizo huzioni mpaka upime kwa muda.

Anza na ping, iko kwenye karibu kila kompyuta, Mike Muuss aliiandika Desemba 1983 na mpaka leo kazi ni ile ile, inatuma paketi ndogo inasubiri irudi inakuambia imetumia milisekunde ngapi. Sasa usifungue terminali (dirisha la kuandika amri) moja, fungua mbili, hapa ndo penyewe. Moja ipige rauta yako, nyingine ipige nje, kwa 1.1.1.1 ambayo ni seva ya Cloudflare:

ping 192.168.1.1
ping 1.1.1.1

Windows ongeza -t mwishoni la sivyo inatuma nne tu inaacha. Namba ya rauta kama huijui, Linux andika ip route uangalie penye default via, Windows andika ipconfig uangalie Default Gateway. Ziache zikimbie dakika kumi huku unaendelea na kazi zako, halafu Ctrl+C. Na usiogope bando, ping moja kwa saa nzima haifiki hata MB moja, kwenda na kurudi.

Rauta inatakiwa ijibu ndani ya milisekunde chache bila kupoteza kitu. Ukiona rauta yenyewe inaenda 3, 4, 300, 2, mara kimya, basi shida iko humo humo ndani kwako, ni waifai: ukuta mnene, majirani wamejazana chaneli moja, rauta imefichwa nyuma ya tivii. Chomeka waya upime tena kabla hujampigia mtu yeyote. Ila kama rauta iko safi na 1.1.1.1 inadondosha, shida imeshatoka nje, na hapo ndo unaita mtr, programu inayopima kila kituo njiani. Linux ya Ubuntu au Debian ni hivi:

sudo apt install mtr-tiny
mtr -rwc 100 1.1.1.1

Mac ni brew install mtr na unaiendesha kwa sudo, Windows tumia pathping 1.1.1.1 ambayo inakaa kimya dakika kadhaa, ivumilie. Utapata orodha ya kila kituo paketi inapopita, na kwenye mtr safu za kuangalia ni Loss% (upotevu), Avg (wastani), Wrst (muda mbaya zaidi) na StDev (kuyumba kwa muda). StDev ikiwa kubwa ujue muda unayumba hata kama Avg inapendeza, na simu ya sauti itakwaruza tu.

Hapa wengi wanakosea nawaomba mpasome taratibu: kituo cha katikati kikionyesha Loss 60% lakini cha mwisho kina 0%, hakuna tatizo, rauta ya kituo hicho imeamua tu kujibu baadhi ya ping ila paketi zako inazipitisha vizuri. Upotevu wa kweli unaanzia kituo fulani na unaendelea mpaka mstari wa mwisho. Anza kusoma chini, panda juu.

Pia usichanganye umbali na ubovu. Seva ikiwa Ulaya nawe uko Dar, 150 ms iliyotulia ni kawaida, mwanga wenyewe ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200 kwa milisekunde. 40 inayoruka mpaka 900 ndo mbaya.

Kisha pima asubuhi na saa mbili usiku, watu wote wakiwa mtandaoni:

mtr -rwc 600 1.1.1.1 > usiku.txt

Hiyo ni dakika kumi na tarehe na saa inajiandika juu kabisa ya faili. Mtumie mtoa huduma mafaili yote mawili, la asubuhi na la usiku, pamoja na matokeo ya ping ya rauta, maana swali lao la kwanza huwa "umeshazima rauta ukawasha?"