Kusafiri na kamera ya mkanda pwani wakati wa masika: hatua kwa hatua

Mpwa wangu anasoma Dodoma. Alirithi Pentax K1000 ya babu yake, akaamua kwenda nayo harusini Unguja, katikati ya masika. Maelezo haya nilikuwa nikimtumia kwa WhatsApp kipande kipande, kabla hajaondoka na akiwa huko huko. Nimeyakusanya kwa sababu maswali yake ni yale yale ninayoulizwa na kila mtu anayeshuka pwani na kamera ya zamani.

Dodoma kamera inaweza kukaa juu ya kabati miaka, ikaingiwa na vumbi tu. Pwani ni habari nyingine. Machi hadi Mei, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na visiwani ndiyo usiseme, unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, na kuvu ya lenzi hupata nafasi ya kuota unyevu ukishavuka 60. Kamera ninazozizungumzia ni zile za miaka ya 1960 hadi 1980, nyingi za chuma: K1000, Zenit-E, Canon AE-1, Nikon FM, Yashica za lenzi mbili. Hazikuzibwa kwa mpira popote. Hewa ikiwa na maji, na ndani ya kamera mna maji.

Hatua ya 1: Ikague kabla hujaifunga

Fungua mgongo wa kamera ikiwa haina mkanda, weka shata (pazia linaloachia mwanga ufike kwenye mkanda) kwenye B, linapobaki wazi muda wote umebonyeza, na uishikilie, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, kisha mulika kwa tochi ya simu kutoka mbele huku ukichungulia kwa nyuma. Mulika kwa mshazari. Ukimulika moja kwa moja hutaona kitu. Kuvu huonekana kama nyuzi nyembamba zilizotawanyika kutoka ukingo wa kioo kwenda katikati, mithili ya mizizi ya mche wa mchicha. Ukiziona, lenzi hiyo iende kwa fundi, na isikae boksi moja na zenzake.

Gusa sponji nyeusi zilizo kwenye mfereji wa mlango wa nyuma. Kidole kikitoka na weusi unaonata, zimeoza. Zikwangue, utie uzi mweusi wa kufumia masweta. Mimi naupenda uzi kuliko sponji mpya kwa sababu haugeuki gundi.

Betri ya K1000 ni moja ya aina ya LR44. Tafuta SR44, ya ukubwa ule ule, umeme wake hautelemki polepole kadiri betri inavyochoka, kwa hiyo kipima mwanga hakikudanganyi. Halafu kumbuka K1000 haina swichi ya kipima mwanga. Kifuniko cha lenzi ndicho swichi: usipokifunika, betri inaliwa muda wote lenzi inapoona mwanga. Mwenye Zenit-E hana la kuhangaikia hapa, kipima mwanga chake hakitumii betri.

Hatua ya 2: Mkoba wa ngozi ubaki nyumbani

Najua ni mzuri. Najua ndio uliokuja na kamera. Ngozi hunyonya unyevu, hukaa nao, na kuvu huila. Chukua kontena la plastiki la chakula, lile lenye mpira kwenye kifuniko na vibano pande nne, na uizungushie kamera kanga ya pamba iliyofuliwa na kukauka kabisa.

Hatua ya 3: Silika jeli, na iwe kavu kweli

Silika jeli ni punje zinazonyonya unyevu hewani. Watu watakwambia utumie mchele badala yake. Mchele hunyonya maji kidogo na taratibu, unaacha unga ndani ya kamera, na unga huo ni chakula cha kuvu. Mchele upikie pilau.

Vile vipakiti vinavyokuja na viatu navyo usivitegemee kabla hujavikausha, maana hadi vinakufikia vimekwisha kushiba. Nunua punje za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba. Zipo pia za bluu zinazogeuka waridi, lakini hizo zimetiwa kloraidi ya kobalti, ambayo ni sumu, nami sitaki kuziona jikoni kwangu. Gramu 100 kwenye kontena la lita tano zinatosha, mradi hulifungui kila dakika.

Kuzikausha: zitandaze nyembamba kwenye trei, oveni nyuzi 120, saa mbili au tatu. Huna oveni? Tumia sufuria la kuokea keki kwa mkaa. Tia mchanga chini, weka sufuria dogo lenye punje juu ya mchanga, moto mdogo chini, makaa machache juu, na kifuniko ukiache wazi kidogo ili mvuke utoke. Ukisikia punje zinapasuka, moto umezidi. Rangi ya chungwa ikianza kuwa nyeusi, umeunguza rangi; bado zitanyonya maji ila hutajua zimeshiba lini. Zikishakauka zimimine kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, zipoe humo. Ukiziacha zipoe kwenye sinia uani, zitakuwa zimekwisha kunywa hewa ya masika kabla hujazifungia safari.

Kwa asiyeamini rangi, kuna mzani wa jikoni. Pima mfuko wa silika ukiwa mkavu, andika uzito juu yake kwa kalamu. Uzito wa punje ukiongezeka kwa kama moja ya tano, zirudishe motoni.

Ukipata kipima unyevu kidogo cha kutumbukiza ndani ya kontena, lenga asilimia 40 hadi 50. Usishuke chini ya 30. Ngozi iliyobandikwa kwenye kamera hubanduka na mkanda hukakamaa.

Hatua ya 4: Mikanda safarini

Mikanda ibebe mkononi. Isiwekwe kabisa kwenye begi linaloingia tumbo la ndege, kwani mashine zinazokagua mizigo ile huunguza mkanda ukatoka na ukungu wa kijivu. Hata kwa mizigo ya mkononi, viwanja vingi vimeanza kuweka mashine za CT, zenye eksirei kali zaidi, nazo mara moja tu inatosha kuharibu. Boti za Unguja nazo zina ukaguzi bandarini. Toa mikanda kwenye maboksi yake ya karatasi, iache ndani ya vikopo vyake, tia kwenye mfuko unaoonyesha. Ukifika kwa askari, salamu kwanza, kisha: "Naomba hii ikaguliwe kwa mkono, ni mikanda ya picha." Fika mapema. Mwenye haraka hakaguliwi kwa mkono.

Mkanda wangu ni Ilford HP5 Plus, nyeusi na nyeupe. Mawingu ya masika yakishuka unaupiga kama ISO 800, yaani kama mkanda wa mwanga hafifu zaidi, na unausafisha mwenyewe (unatoa picha kwa dawa).

Hatua ya 5: Kiyoyozi

Hapa ndipo mpwa wangu alipopoteza mchana mzima, na hapa nitasema sana.

Alilala Mji Mkongwe, chumba kina kiyoyozi, amekiweka nyuzi 18. Asubuhi akachukua kamera, akatoka barazani. Lenzi ikawa nyeupe. Akaifuta kwa kanga, ikarudi nyeupe. Akaitoa lenzi aangalie ndani, na kioo cha kuakisia nacho kikaingia maji mbele ya macho yake. Ndipo simu ikalia: "Shikamoo mjomba, kamera imeharibika."

Haikuharibika. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, maji yaliyomo huanza kugeuka matone yakikuta kitu chochote chenye nyuzi 25 au pungufu. Chuma kilicholala kwenye nyuzi 18 kiko mbali chini ya hapo. Kwa hiyo kila ukifuta, hewa mpya inakuja na maji mapya, hadi kamera ipate joto. Mvua tunaikimbia sote. Kamera nyingi za pwani ninazoletewa zimeliwa na maji haya ya chumbani.

Dawa ya kwanza ni kutokukitumia kiyoyozi, au kukiweka nyuzi 26 na kuwasha feni. Kamera ikiwa nyuzi 26 hailowi kwenye hewa ya namna ile. Nasema "ya namna ile" kwa sababu kuna asubuhi za Aprili, mvua imetoka kunyesha na jua limewaka, ambapo hata 26 ni baridi mno. Mimi hulala na feni, basi. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ilifunguliwa 1930, picha zikapigwa na kusafishwa miaka na miaka hapo hapo penye joto, kwa hiyo sidhani kama usiku mmoja wa feni utakuua.

Ukiwa huna namna, chumba ni cha mwenyeji au ofisi ya watu, fanya hivi. Kabla hujatoka, ungali ndani kwenye baridi, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, kamua hewa, funga. Ukifungia mlangoni baada ya kutoka, umeifungia hewa yenye maji pamoja na kamera, na heri ungeiacha wazi. Toka nayo, iweke kivulini. Sasa angalia mfuko. Pale plastiki inapogusana na chuma, kwenye kona za mfuniko wa prizimu (kile kinundu cha juu ya kamera) na ukingo wa lenzi, nje ya mfuko pataingia ukungu, kisha matone madogo madogo. Maji yale yangekuwa kwenye kamera yako. Yaache yakauke yenyewe. Yakishakauka usifungue bado, kwa sababu plastiki hupata joto kabla ya chuma. Subiri muda mwingine kama ule ule. K1000 na lenzi yake ya milimita 50 huchukua nusu saa hadi saa nzima. Lenzi nzito ya 135 huzidi hapo.

Kinyume chake kipo na watu hukisahau. Ukitoka nje kwenye joto ukaingia ndani kwenye baridi, fungua mfuko. Ukiufunga nje na kuuingiza chumbani, hewa ya nje uliyoifungia hupoa na kumwaga maji yake humo humo. Gari lenye kiyoyozi ni chumba. Daraja la juu la boti ni chumba. Daladala si chumba.

Mikanda ya kwenye friji ni vivyo hivyo: usikifungue kikopo hadi kipate joto la nje. Saa moja na nusu kwa mkanda wa 35 inatosha.

Na kama imekwisha kulowa? Usiifute, unasugua chumvi na vumbi kwenye kioo. Usiitoe lenzi. Usifungue mgongo. Muhimu kuliko yote, usivute mkanda: jelatini, ule utando wa mkanda uliobeba picha, ikiingia unyevu huvimba, inanata kwenye bamba la nyuma, na ukivuta unachubua picha. Usiianike juani wala kwenye dashibodi ya gari. Grisi ya ndani huyeyuka, ikatambaa hadi kwenye majani ya tundu la lenzi, nayo yakaanza kugoma. Usiipulizie kikausha nywele, kwa sababu hiyo hiyo. Iweke mezani, kivulini, mbele ya feni, kisha kanywe chai. Ukungu wa nje ukishaondoka, mulika ndani ya lenzi. Ukiona matone kati ya vioo, iingize kwenye kontena la silika hadi kesho yake. Yakigoma hapo, ni kazi ya fundi, na usikawie, maana kuvu haingoji urudi Dodoma.

Hatua ya 6: Piga picha

Hili unalijua. Mwenye Zorki au FED, kamera za Kisovieti zisizo na kioo cha kuakisia, tu ndiye nimkumbushe: usiiache kamera bila kifuniko ikitazama jua. Pazia la shata ni la kitambaa, na lenzi italitoboa.

Hatua ya 7: Chumvi

Ukishapiga picha Forodhani au Nungwi, hata kama hukuona tone, upepo umeleta chumvi. Chumvi hiyo huvuta maji hewani yenyewe unyevu ukipita asilimia 75, kwa hiyo usiku wote inabaki majimaji juu ya skrubu zako. Futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa hadi kisidondoke, kisha kikavu. Spiriti haifai kwa kazi hii, haiyeyushi chumvi. Kwenye lenzi weka kichujio cha UV tangu mwanzo. Kuna wanaosema kinaharibu picha. Hao hawaoshi lenzi zao wenyewe.

Hatua ya 8: Safisha mkanda mapema

Mkanda uliokwisha pigwa huvumilia joto na unyevu kidogo kuliko mpya, na picha iliyomo huanza kufifia. Usiupeleke safari nyingine. Ukisafisha mwenyewe pwani, maji ya bomba yanaweza kuwa nyuzi 28, ilhali dawa nyingi, kama D-76, hupimwa kwa 20. Jaza beseni maji, tumbukiza chupa za plastiki zenye barafu, weka dawa zote humo pamoja na maji ya kusuuzia, zote ziwe joto moja. Ukitoka kwenye dawa ya 20 ukaingia kwenye maji ya 28, jelatini inaweza kujikunja ikapasuka vinyufa.

Anika negetivu bafuni ukiwa umefunga mlango. Masika zinaweza kuchukua usiku mzima, usizikimbize. Zikikauka zikate, zitie kwenye bahasha za karatasi au za polipropilini, si zile za PVC zinazonuka, kisha zirudi kwenye lile kontena la chakula pamoja na silika.