Mchakamchaka wa Jumamosi Hautoshi: Mazoezi ya Moyo kwa Tuliovuka Hamsini

Nina miaka 56 na ni fundi cherehani Kariakoo, kwa hiyo kutwa nzima nimekaa kitako. Klabu nyingi za jogging huleta fulana zao kwangu, za Temeke, Mbagala, mpaka Kinondoni, na ratiba yao naijua: Jumamosi alfajiri filimbi na nyimbo, wakimaliza supu na chapati, halafu kimya mpaka Jumamosi nyingine. Kwa ujirani na furaha, safi kabisa. Kwa moyo wa mtu aliyevuka hamsini, siku moja ni kidogo mno.

Chumba cha chini cha kushoto cha moyo, kile kinachosukuma damu mwili mzima, hukakamaa kadiri umri unavyosogea, hasa kwa mtu wa kukaa. Ni kama lastiki iliyolala dukani miaka: ukiivuta inalia tu, haifunguki. Moyo wa namna hiyo kubana bado unaweza. Kinachoushinda ni kulegea ili ujae damu. Shinikizo linarudi nyuma hadi kwenye mapafu, ndiyo unamwona mtu mzima anapanda ghorofa ya pili huku ameshika ukuta, anahema. Mishipa nayo inakuwa migumu na namba ya juu ya presha inapanda.

Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu. Walipopimwa tena baada ya miaka 30, ilionekana zile wiki tatu ziliwapunguzia uwezo wa pumzi kuliko miaka yote 30 ya kuzeeka. Mwaka 2018 daktari Benjamin Levine na wenzake, wa huko huko Dallas, walitoa matokeo ya watu wa miaka 45 hadi 64 waliokuwa wa kukaa tu. Baada ya miaka miwili ya mazoezi, ugumu wa moyo ulipungua kwa robo hivi. Siri ilikuwa siku nne hadi tano kwa wiki. Kundi hilohilo la watafiti lilikwishaona kwamba waliozoea siku mbili au tatu maisha yao yote walizeeka na moyo mgumu karibu sawa na wasiofanya kitu.

Kabla hujaanza, kapime presha na sukari. Kama kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla, au una presha, omba na kipimo cha umeme wa moyo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo pale Muhimbili.

Miezi mitatu ya kwanza usikimbizane na mtu. Tembea haraka nusu saa, siku tatu, kisha nne. Haraka yenyewe ni ile ya kuweza kuongea na mwenzio lakini kuimba huwezi. (Wale wa nyimbo za Jumamosi, mmenisikia.) Ukizoea, siku moja ya wiki irefushe ifike saa nzima: kutembea, baiskeli, hata kucheza muziki. Siku nyingine ongeza mazoezi ya nguvu, kuinuka kwenye kiti bila kushika, kusukuma ukuta.

Siku ngumu inakuja baada ya hapo, na ni moja tu kwa wiki. Mimi naifanyia Daraja la Tanzanite, kwa sababu lina njia ya waenda kwa miguu, upepo wa bahari, na kile kimwinuko ambacho Dar yetu tambarare haina kwingi. Pasha mwili dakika kumi. Kisha dakika nne za nguvu, kiasi kwamba ukisalimiwa utajibu neno moja tu. Halafu dakika tatu za kutembea polepole. Rudia mpaka ziwe raundi nne. Mgeni aanze na moja au mbili. Siku inayofuata ni ya kutembea taratibu.

Kupima, weka vidole viwili kwenye mkono, chini ya kidole gumba, hesabu mapigo sekunde 15, zidisha kwa nne. Kasi ya juu ya moyo hushuka na umri, ufanye mazoezi usifanye. Kuikadiria, zidisha umri wako kwa 0.7, toa kwenye 208. Mimi napata 169, na mwisho wa zile dakika nne nalenga 155 hadi 160. Ni makadirio, wapo wanaopishana nayo kwa mapigo kumi au zaidi. Anayetumia atenolol, dawa ya presha, au dawa za jamii yake asihesabu kabisa, maana dawa inashusha mapigo. Huyo afuate pumzi yake.

Kuanzia Desemba mpaka Machi, joto la Dar linaufanya moyo upeleke damu nyingi kwenye ngozi, hivyo mapigo yanapanda kwa mwendo uleule. Punguza mwendo, na saa moja asubuhi uwe umeshamaliza.

Mteja wangu mmoja wa miaka 71 aliniuliza, “Sasa mwanangu, sisi tumeshachelewa?” Ugumu wenyewe wa moyo hauonekani kulegea sana ukianza baada ya sabini, nikamwambia, lakini pumzi, presha na miguu vinapata faida. Atembee. Kwa upande wa pili, wanaume waliokimbia marathoni miongo mingi hupata zaidi ule ugonjwa wa vyumba vya juu vya moyo kutetemeka bila mpangilio, kwa hiyo kujiua kwa kilomita hakuna tuzo ya ziada.

Kifua kikibana, maumivu yakipanda taya au mkono, jasho baridi, kizunguzungu, au mapigo yakirukaruka, simama hapohapo. Kwa sisi wanawake inaweza kuja kama kichefuchefu na uchovu usioeleweka. Usisubiri ipoe, na usirudi nyumbani kuoga kwanza. Chukua bajaji, nenda hospitali iliyo karibu.